Wenzangu wamenialika safari ya baiskeli bonde la mizabibu, nami sinywi

BARUA

Shangazi, asalaam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na huu ni mwaka wa tatu nikifanya kazi ya uuguzi katika hospitali moja mjini Koblenz, Ujerumani. Baiskeli nimejifunza huku huku, nikiwa na miaka 29, kwa kuwa utotoni kaka zangu ndio walioendesha na mimi nikaambiwa huo si mchezo wa wasichana. Sasa naendea kazini kila siku, kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, na sijawahi kwenda mbali zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita wenzangu wanne wa wodini walinialika tufuatane mwezi wa Septemba katika safari ya siku nne, kutoka Trier hadi hapa Koblenz, kando ya mto Mosel. Wawili kati yao wana zile baiskeli nyepesi za mbio zenye usukani uliopinda, na kila Jumapili hutoka kwenda kupanda milima. Yangu ni baiskeli ya mjini, ina kikapu mbele na gea saba. Nilifurahi mno kualikwa, nikaitikia papo hapo. Jioni yake ndipo nilipotazama picha za njia yenyewe: kijiji baada ya kijiji ni mizabibu tangu karibu na maji hadi juu mlimani, na nyumba nyingi zina kibao cha kukaribisha watu waingie waonje mvinyo.

Mimi ni Muislamu na sinywi. Nilipomweleza mama kwa simu alinyamaza kwanza, kisha akaniambia, "Mwanangu, kwani hakuna njia nyengine ya kutembea ila hiyo ya mashamba ya ulevi?" Hakunikataza, lakini nalijua neno lake linapokuwa zito.

Lipo jambo jingine linalonisumbua. Desemba iliyopita tulikuwa na karamu ya wodi, na glasi zilipoanza kuzunguka nikaaga baada ya nusu saa tu. Wenzangu walidhani nimewachukia, na ilinichukua wiki nyingi kurudisha mazungumzo yetu yalipokuwa. Nachelea nikikataa safari hii sitaalikwa tena. Na nikienda, nachelea kuwa mzigo, nikisubiriwa kila kona, kisha jioni nikae mezani kama mtu aliyekuja kuwahukumu. Nimefikiria kusema nimepangiwa zamu siku hizo, au nijitie mgonjwa. Unanishauri nini?

Mwana wa Mji wa Kale, Koblenz

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu, na marahaba.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa nimefungua ramani, kwa sababu njia hiyo naijua. Nilikaa Bonn miaka 11, na bonde la Mosel nimelipita kwa baiskeli mara tatu, mara ya kwanza nikiwa na miaka 46, nikiwa na baiskeli isiyo bora kuliko yako, na bila kuonja tone la mvinyo. Kwa hiyo nakwambia waziwazi: nenda. Usiseme una zamu wala usijitie mgonjwa, kwani wauguzi wenzako wanaiona ratiba ya zamu kama unavyoiona wewe, na uongo huo ukijulikana utawaumiza kuliko kule kuondoka kwako Desemba.

Nianze na hofu ya kuwa mzigo, kwa kuwa hiyo inatibika kabisa. Kutoka Trier hadi Koblenz, ukipima kwa rula kwenye ramani, hazifiki kilomita 100; lakini mto unajizungusha huku na huku hata njia inayoufuata inakaribia kilomita 200. Watu wakisikia kilomita 200 na milima pande zote mbili hudhani ni mateso, na sivyo. Milima iko kwa kutazamwa. Njia yenyewe imelala chini kando ya maji, ina lami sehemu kubwa, na tofauti ya kimo kati ya Trier na Koblenz haifiki mita 100, tena mnateremka nayo. Mto wenyewe ni mpole kwa sababu ulifanyiwa kazi: mwaka 1956 Ujerumani, Ufaransa na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kuujengea mabwawa na malango ya kupitishia meli, na mwaka 1964 ukafunguliwa kwa meli kubwa. Maji leo yanakwenda taratibu kama ya ziwa, na utakapofika kwenye lango mojawapo ukakuta meli ndefu ya mizigo inashushwa polepole baina ya kuta mbili za zege, simama utazame. Hata wale wenzako wa baiskeli za mbio watasimama.

Siku nne zinatosha bila kukimbizana. Siku ya kwanza mtoke Trier hadi Neumagen-Dhron, karibu kilomita 40. Ya pili hadi Traben-Trarbach, kama 48. Ya tatu hadi Cochem, kama 55. Na ya mwisho hadi nyumbani, kama 51. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao ni mwendo wako wa kuendea kazini, siku ndefu kuliko zote inakutaka juu ya siti muda usiofika saa nne, na saa zilizobaki ni za kupumzika, kula na kutazama. Ukingoni mwa mto utaona vibao vilivyowekwa kwa ajili ya meli, vyenye namba za kilomita zinazohesabiwa kuanzia Koblenz. Trier ni kama 191, Bernkastel-Kues 129, Cochem 51, na sifuri ni pale mto unapoingia Rhine mjini kwako. Mimi vibao hivyo vilinisaidia kuliko maneno yote ya kutiwa moyo, kwa sababu kila nikiinua macho namba ilikuwa imepungua.

Wenzako wenye miguu ya mlima usiwazuie wala usiwafuate. Kubalianeni kabla ya kuondoka kwamba kila siku wana ruhusa ya kupanda barabara zinazopita katikati ya mizabibu hadi juu, nanyi wengine mfuate mto, kisha mkutane kwenye daraja mlilolitaja kwa jina. Nasema daraja kwa sababu njia ipo ng'ambo zote mbili katika sehemu nyingi, na mtu anaweza kumsubiri mwenzake saa nzima akiwa upande usio wake. Hilo lilinipata kule Zell, na sikulipenda.

Na sasa mazoezi. Bahati yako ni kwamba kipande cha mwisho cha safari kinaanzia mlangoni kwako. Jumamosi hii nenda hadi Winningen na urudi, jumla kilomita 22 hivi. Baada ya wiki mbili nenda hadi Kobern-Gondorf. Mwezi wa Agosti, siku moja ya mapumziko, endesha hadi Cochem na urudi na treni, ambayo inakwenda kando ya mto huo huo na kukufikisha nyumbani kwa muda usiofika saa moja. Ukishaiweza Cochem, umeshaiweza siku ya nne, na siku tatu za mwanzo hazina ugumu ulio tofauti. Ujue pia kwamba hata katika safari yenyewe mtu hafungwi: kuanzia Bullay hadi Koblenz reli, sehemu kubwa, iko karibu na mto, Traben-Trarbach ina tawi lake la reli linalofika Bullay, na huko juu kuelekea Trier, ambako reli inauacha mto, wakati wa majira ya joto hupita mabasi yanayovuta trela za baiskeli, ingawa nafasi ni vyema kuiwekea oda mapema.

Baiskeli yako ya gea saba inatosha. Ipeleke kwa fundi akutazamie breki na cheni, na akuwekee matairi mapya kama ya sasa yameanza kupasuka ubavuni. Siti iinuliwe hadi mguu wako ukaribie kunyooka pedali inapokuwa chini; waliojifunza ukubwani kama sisi hupenda kuiweka chini ili miguu yote iguse ardhi, na hilo ndilo linalochosha magoti. Mzigo uweke kwenye keria nyuma, usiujaze kikapuni, maana kikapu kizito kinayumbisha usukani. Kuhusu mavazi, vaa suruali pana iliyobana kifundoni na shati refu linaloishia juu ya magoti, na ndani uvae ile kaptula yenye pedi. Buibui na sketi ndefu uziache kwa jioni, kwani nimeona kwa macho yangu pindo la nguo likiingia kwenye cheni na dada wa watu akaanguka kifudifudi. Mtandio wa michezo uliobana kichwa unakaa vizuri chini ya helmeti.

Hayo ndiyo mepesi. Turudi kwenye neno la mama yako.

Nadhani mama anaogopa meza kuliko shamba, na anayo haki. Mzabibu wenyewe ni mti tu. Nikupe picha yake, ili nawe umpe: karibu na Piesport mto umejikunja kama mtu aliyekumbatia, na mlima wote wa upande mmoja umepandwa mizabibu kutoka juu hadi chini. Kila mti umefungwa kwenye kigingi chake peke yake, na matawi mawili yamekunjwa pande mbili, kulia na kushoto, yakafungwa chini hata yakafanya umbo la moyo. Ardhi si udongo kama tunaoujua. Ni mwamba mweusi unaobanduka vipande vipande bapa, vinavyogongana chini ya kiatu kwa sauti ya vigae, na jua likishazama ukiweka kiganja juu yake bado una joto, kwa kuwa jiwe hilo hukusanya joto la mchana na kulitoa usiku, nalo ndilo linalowezesha zabibu kuiva katika nchi ya baridi namna ile. Mteremko ni mkali kiasi kwamba mashine nyingi hazipandi, na wavunaji hupandishwa na kigari kinachotambaa juu ya reli moja nyembamba. Kule Bremm, siku yenu ya tatu, mtapita chini ya mlima wa mizabibu uitwao Calmont, ambao mahali pengine unafikia mteremko wa nyuzi 65 na husemwa kuwa ndiyo mizabibu iliyosimama kuliko yote Ulaya. Mama aliyelelewa pwani, akiona minazi iliyotegwa tembo kila asubuhi na mgema, anajua kwamba mti na kinachofanywa na utomvu wake ni mambo mawili.

Meza ni jambo jingine, na hapo sitaki kukurahisishia. Lipo onyo linalojulikana kuhusu kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi, nawe unalijua. Mimi si mufti. Muulize shekhe unayemwamini, na umuulize mapema ili usije ukaamua ukiwa umeshika menyu. Ninachoweza kukusaidia ni kuipanga safari ili swali hilo lipungue lenyewe. Kwanza, sheria ya Ujerumani inakusaidia: mwendesha baiskeli ambaye pombe katika damu yake imefika 1.6 kwa elfu ana kosa la jinai hata kama hakuyumba, na kuanzia 0.3 anaweza kushtakiwa akisababisha ajali au akiendesha ovyo. Kikundi chenye busara, tena cha wauguzi, hakinywi mchana. Kwa hiyo toa pendekezo kwamba mchana mle mkate, jibini na matunda kwenye benchi kando ya mto, mahali penye kivuli, jambo ambalo ni rahisi kwa mfuko pia. Hapo umeshabakiwa na jioni tatu tu. Wakienda kuonja, wewe waage kwa uso mkunjufu, uende ukaswali na kupumzika, kisha mkutane kwa matembezi ya usiku; ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kuchanganya swala unaijua kuliko mimi.

Kuna tahadhari tatu za Septemba ambazo watu hawakuambii. Ya kwanza ni kinywaji kiitwacho Federweißer. Ni maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha, meupe ya ukungu, matamu, huuzwa pembeni mwa barabara wakati wa mavuno, na kwa macho utasema ni juisi iliyokamuliwa sasa hivi. Si juisi, ina pombe. Utaitambua kwa chupa yake: haizibwi ikakaza, kwa kuwa kinywaji bado kinachemka ndani yake na hewa inatafuta pa kutokea, na muuzaji atakwambia uibebe ikiwa wima. Juisi halisi inaitwa Traubensaft, na wakulima wengi wa zabibu wanayo, nyeupe na nyekundu. Baridi kutoka kwenye jokofu, baada ya kilomita 40, ni tamu hata nashindwa kuisifu. Ya pili, chupa iliyoandikwa "alkoholfrei", yaani isiyo na pombe, inaruhusiwa kisheria kuwa na pombe kidogo, chini ya nusu ya asilimia moja, basi usiichukulie kuwa haina kitu. Ya tatu ni chakula: mchuzi wa samaki mara nyingi umetiwa Riesling, ambayo ndiyo zabibu iliyopandwa zaidi bondeni humo, na viazi vya kukaanga pamoja na ile keki nyembamba ya vitunguu huwekwa vipande vya nguruwe. Uliza "ohne Speck", bila nguruwe, na "ohne Wein", bila mvinyo, kabla ya kuagiza. Na ukiona jemu ya pichi nyekundu za mizabibuni, nunua. Pichi hizo hukua katikati ya mashamba yenyewe na huiva wakati huo huo mtakapopita.

Lililo muhimu kuliko yote haya ni kuzungumza na wenzako sasa, wala si mezani. Nadhani kilichowaumiza Desemba si kwamba hukunywa, ni kwamba hawakujua sababu, nao wakajaza pengo hilo kwa dhana. Mwite yule uliyemzoea zaidi, wakati wa mapumziko ya chai, umwambie kwa maneno machache kwamba umefurahi kualikwa, kwamba dini yako haikuruhusu kunywa na unapenda kuepuka meza ya kunywea, kwamba wakati wao wakionja wewe utakuwa na shughuli zako na hutaki mtu akose raha kwa ajili yako, na kwamba unaendesha polepole. Mambo yote mawili uyaseme siku moja. Ukilisema la pombe tu, la polepole litakutesa njiani. Ukilisema la polepole tu, la pombe litakutesa jioni. Na uyaseme wiki hii, kwa sababu Septemba ni mwezi wa mavuno, nyumba za wageni vijijini hujaa, nawe ungependa kuwapo wakati wa kuchagua ili mlale mahali penye chumba chako pekee na pasiwe juu ya baa.

Mama naye usimwache na picha aliyojichorea mwenyewe. Kila jioni mpigie picha kibao cha kilomita mlichofikia, 153, 105, 51, umtumie, na umwambie ulichokula. Mzazi akiziona namba zinateremka kuelekea nyumbani kwako, nadhani atazihesabu pamoja nawe. Mtumie na ile ya jiwe la mashua huko Neumagen, iliyochongwa na Warumi kama miaka 1,800 iliyopita ikiwa na wapiga makasia na mapipa yao. Watu wa pwani tunapenda chombo, hata kikiwa cha mawe.

Nimebakisha jambo moja, nalo nimelifikiria sana kwa ajili yako. Safari inaishia Koblenz, na Koblenz ndiko unakokaa. Siku zote hizo utakuwa mgeni wa mipango ya wengine. Jioni ya nne wafanye wao wawe wageni wako. Waambie tangu sasa kwamba mkishafika kwenye sifuri, pale mito miwili inapokutana chini ya sanamu ya mfalme juu ya farasi, baiskeli zinaelekezwa kwako na chakula kiko kwako. Pika mchuzi wa nyama kabla ya kuondoka uuweke kwenye friza, na viungo vya pilau uvisage mapema. Wakati wao wakinawa na kunyoosha miguu, wali utakuwa jikoni unaiva. Mezani weka mtungi wa maji ya ndimu na chai ya tangawizi, na hakuna atakayeuliza kitu kingine, kwa kuwa hapo ni nyumbani kwako.